Sindano baada ya zamu ya usiku: jibu kwa muuguzi wa Morogoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya mwezi nafanya zamu za usiku. Nikirudi nyumbani asubuhi mwili umechoka lakini kichwa hakilali. Naishia kushika simu mpaka jua linakuwa kali. Huko kwenye simu ndiko nilikokutana na video za akina mama wa Marekani wanaoshona kwilti, zile shuka nene za viraka, na moyo wangu hutulia kwa kuwaangalia tu. Nina kiroba cha mabaki ya vitenge nilichopewa na fundi jirani, na kanga za marehemu bibi ambazo zimechakaa ila siwezi kuzitupa. Sina cherehani, sina vile visu vya gurudumu na rula kubwa wanazotumia. Wenzangu kazini wanasema kama ni kushona, nishone vya kuuza. Nianzie wapi? Na kweli kazi hii inatuliza, au ni starehe ya watu wenye muda na fedha?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote. Ndiyo, inatuliza. Lakini si kazi yote inayotuliza, na hapa ndipo wanaoanza wengi hupotea. Mfarishi wa viraka, yaani hiyo kwilti yako, una kazi mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya kuamua: rangi ipi ikae na ipi, kipande hiki kikatwe vipi, kushoto kuwe na nini. Ya pili ni ya mkono: sindano inaingia, inatoka, inaingia, inatoka, mstari mmoja baada ya mwingine. Ya kwanza inafurahisha sana ukiwa na akili iliyopumzika. Ya pili ndiyo inayotuliza moyo.

Muuguzi anayetoka zamu ameamua mambo usiku kucha: nani aonwe kwanza, dripu ya nani imekwisha, daktari aitwe sasa au asubiriwe. Mtu huyo akifika nyumbani akakalishwa mbele ya vipande themanini na kuambiwa avipange, ameongezewa zamu nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote usisahau huu: tenga kazi hizo mbili. Siku yako ya mapumziko, baada ya kulala vizuri, kaa chini uchague vipande, uvipige pasi, uvipange kwa zamu ya kushonwa. Asubuhi ukitoka kazini usichague chochote. Shona tu. Na kila unapoacha, acha sindano ikiwa na uzi, katikati ya mstari, isiwe mwisho wa mstari. Kesho yake mkono utaendelea kabla kichwa hakijaanza kuuliza maswali.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo ya mahojiano na washonaji 29 wa kundi moja la mifarishi. Walisema rangi huwachangamsha, kazi yenyewe huwadai umakini kiasi cha kusahau saa, na sifa ya mwenzao kwa kitu walichokimaliza huwaongezea kujiamini. Hao ni watu waliokuwa wameshaipenda kazi hii, kwa hiyo sikuambii kwamba sindano itamfaa kila mtu. Wala si dawa. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi tofauti ya kichwa kilichochoka na huzuni isiyoondoka. Kama usingizi umekukimbia hata siku za mapumziko, ongea na daktari kwanza, sindano ije baadaye. Ila kwa saa ile moja ya asubuhi unayoieleza, ambayo sasa inaliwa na simu, nina hakika mstari wa sindano utakufaa. Mikono yote miwili ikiwa kazini, hakuna mkono wa kushika simu.

Sasa, uanzie wapi. Usianze na zile za kwenye video. Wanawake wale wanakata miraba sawasawa, wanaiunga kwa mshono wa robo inchi, yaani milimita 6 hivi, kisha wanaweka tabaka tatu na kuzishona pamoja. Ni njia nzuri na ina historia yake, lakini haisamehe. Mstari wa miraba 12 una mishono 11. Kila mshono ukizidi kwa milimita moja tu unakula milimita mbili, moja kila upande, na mwisho wa mstari umepungukiwa na sentimita mbili na zaidi. Mstari wa pili haukutani tena na wa kwanza. Ndiyo maana wanahitaji rula zile na visu vile. Mtu anayetafuta utulivu akianza na njia hii bila vifaa, anapata hasira.

Iko njia nyingine, nayo ndiyo ninayotaka uifuate. Kaskazini mwa jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa mababu zao walipelekwa Goa enzi za Wareno, kuanzia karne ya 16, wengi wakitokea Msumbiji na pwani hii ya kwetu. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi wanayoiita kawandi, kwa mkono mtupu, kwa nguo zilizochakaa, bila kupima. Hawaungi kwanza uso wa viraka halafu waubandike juu ya tabaka nyingine. Wanaanzia pembeni, kwenye kona, na kila kiraka kinashonwa moja kwa moja kupitia tabaka zote, kimoja baada ya kingine kuzunguka, wakisogea kuelekea katikati mpaka panajaa. Hakuna mistari inayotakiwa kukutana, kwa hiyo hakuna mstari unaoweza kukosea. Ukimaliza mzunguko wa mwisho umemaliza kweli. Hakuna hatua nyingine inayokungoja.

Anza na kitu kidogo: kitandiko cha kiti, sentimita 45 kwa 45. Usianze na shuka la kitanda hata roho ikikutuma. Utahitaji vitu vinne. Kitambaa cha chini, na marekani ya kawaida inatosha: ni ya pamba, sindano inapita kirahisi. Kata sentimita 49 kwa 49, ili ubaki na sentimita mbili za kukunja kila upande. Kitu cha katikati, nacho kwa joto la Morogoro kisiwe pamba nene. Shuka kuukuu au kanga iliyochoka, ikunjwe mara mbili iwe sentimita 45 kamili. Mabaki yako ya vitenge. Na uzi.

Kuhusu uzi niseme kidogo zaidi. Uzi wa cherehani ukiutumia mmoja ni mwembamba mno kwa kazi ya mkono, hivyo utie mara mbili, au tafuta uzi wa pamba ulio mnene kidogo. Urefu wake usizidi dhiraa moja, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Tunapenda kutia uzi mrefu ili tusitie mara kwa mara, na ndio unaojifunga mafundo njiani. Upitishe kwenye nta ya nyuki, au hata mshumaa, utateleza bila kujikunja. Sindano isiwe nene. Namba 7 au 8 inatosha. Na nunua subana, ivae kidole cha kati. Siku mbili za kwanza utaiona inasumbua, lakini kusukuma sindano kupitia tabaka nne kwa kidole kitupu kutakuachia vidonda, na vidole vyako vinahitajika wodini.

Kabla ya yote, fua vitenge vyote. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na vingine hutoa rangi. Loweka kila rangi kali peke yake katika maji baridi. Nyekundu, zambarau na buluu iliyokoza ndizo za kuangaliwa. Endelea kubadilisha maji mpaka yatoke meupe. Kisha chukua kipande kikiwa bado kibichi, kiweke juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Kikiacha alama, kiweke kando kwa kazi nyingine. Chumvi na siki ambazo watu husema zinakamata rangi, mimi sizitegemei. Na katika kiroba hicho utakuta vipande vya satini na vya nailoni. Vitoe. Vinateleza, vinachanika kwenye mshono, na pasi yenye moto wa kunyoosha pamba inavikunja.

Haya, kazi yenyewe. Tandaza marekani, weka kitu cha katikati juu yake, kunja zile sentimita mbili za marekani ziingie juu, ukizunguka pande zote, kisha piga bandi kubwa kubwa mistari miwili ya kukatiza ili visitembee. Chukua kiraka cha kwanza, kikubwa kama kiganja. Kunja pande zake mbili za nje kuingia chini, kiweke kwenye kona ili mkunjo wake ulingane na mkunjo wa marekani. Anza kushona ukingoni kabisa, sindano ikipita tabaka zote. Ukikaribia mwisho wa kiraka, weka cha pili kando yake, ukunje upande wake unaopanda juu ya kile cha kwanza, ule ukingo wa kwanza ulio wazi ufunikwe. Endelea hivyo mpaka umezunguka kona zote nne. Kingo za viraka zinazotazama ndani ziache wazi, zitafunikwa na viraka vya mzunguko unaofuata.

Ukirudi ulipoanzia, usikate uzi uliobaki sindanoni. Geuka ndani kwa upana wa kidole kimoja na uendelee na mzunguko wa pili, juu ya viraka vilevile. Mistari hii ndiyo inayoshika kila kitu. Viraka vya mzunguko wa kwanza vikikaribia kuisha upande wa ndani, anza kupachika vingine, ukikunja kila ukingo unaopanda juu ya mwingine. Katikati kabisa patabaki uwazi mdogo; kiraka chake kinakunjwa pande zote nne. Hapo umefika.

Mishono ya Wasiddi ni mikubwa kuliko ile ya washonaji wa mashindano ya Ulaya na Marekani, nayo inaonekana kwa makusudi. Wewe usihangaike iwe midogo. Hangaika ilingane: milimita nne juu, nne chini, au tano na tano. Ulinganifu huja wenyewe mkono ukipata mwendo wake, na mwendo huo ndio unaokutafutia usingizi. Kitambaa kitajikunjakunja kidogo kati ya mistari. Kiache hivyo. Baada ya kufuliwa mara moja makunyanzi hayo ndiyo yanayoupa mfarishi uhai wake.

Jambo moja la mwisho la Wasiddi ambalo ningependa ulifanye. Kwenye kona nne za kawandi huwekwa phula, vipande vya nguo vilivyokunjwa pembetatu, kimoja ndani ya kingine, kama maua. Havishikilii chochote, lakini kwao kawandi isiyo na phula iko uchi. Napenda sana jambo hili: watu waliokuwa wakishona matandiko kwa nguo zilizochakaa hawakukubali kitu kitoke mikononi mwao bila pambo.

Sasa kanga za bibi. Nimeliweka swali hili hapa ili usizikate kabla hujafanya kitandiko cha kwanza. Jifunze kwa vitenge. Ukishapata mkono, zichambue kanga moja moja dhidi ya mwanga wa dirisha. Mji wa kanga iliyovaliwa miaka mingi huwa umeisha, hasa pale alipokuwa akikalia, lakini pindo mara nyingi bado lina nguvu. Lililo imara kata viraka. Lililo laini mno, ambalo sindano inalichana, usilitupe: hilo ndilo la kuwekwa katikati, mahali pasipoonekana. Wasiddi hufanya hivyo kwa sari zilizochakaa. Kanga ya bibi itakuwa ndani ya mfarishi, imeshikwa na kila mstari utakaoupitisha, na haitachanika tena. Jina la kanga, ule mstari wa maandishi, usilikatekate. Litoe zima na ulipange mapema lije kuwa kiraka cha mwisho katikati, lisomeke. Na kama iko doti bado nzima, ivae.

Unachotaka kukifanya kimefanywa na wengine. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna kijiji kilicho ndani ya pindo la mto, kinaitwa Gee's Bend, ambacho wengi wa watu wake ni wazao wa waliokuwa watumwa wa mashamba ya pamba papo hapo. Mwaka 1942 mwanamke wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alikusanya nguo zake za kazi za shambani, suruali na mashati yaliyofifia kwa jua, akashona mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Binti yake, Arlonzia, alimsaidia, na ndiye aliyekuja kusimulia. Ukiutazama unaona kila kitu: buluu iliyofifia, mahali palipokuwa na mfuko, rangi ya zamani iliyojificha chini yake. Hakuna duka lingeweza kumuuzia kitambaa hicho.

Huyo pia ndiye jibu langu kwa suala la starehe ya wenye fedha. Nyumba za Gee's Bend zilikuwa zikipitisha baridi na watu walihitaji kujifunika. Vifaa vyao vilikuwa nguo zilizochakaa na sindano. Na hapa kwetu usidhani kuunga vitambaa ni jambo la ugenini. Kanga zenyewe, kwa masimulizi ya pwani, zilianza kwa wanawake wa Unguja na Mombasa katika karne ya 19 kununua leso za mkononi zilizokuwa zikiuzwa jora zima bila kukatwa, wakachukua sita, wakazigawa tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu kupata nguo moja ya kujifunga. Viraka sita, mshono mmoja. Wafanyabiashara waliona zinapendwa ndipo wakaagiza za kuchapwa nzima.

Nije kwa wenzako wanaosema uuze. Wanakutakia mema, na najua mshahara. Siwezi kumwambia mtu asitafute riziki kwa mikono yake. Mimi mwenyewe kushona kumenilisha. Lakini kwa hili uliloniomba, yaani utulivu, nakuomba usiuze chochote mpaka umeshona vitatu au vinne vyako. Siku unapopokea agizo la kwanza, zile kazi mbili nilizokuambia uzitenge zinarudi kuwa moja, na inaongezeka ya tatu: mteja. Anataka rangi fulani, anataka Jumamosi, anataka kona zote zilingane.

Hao hao wa Gee's Bend na vijiji jirani wanatufundisha hapa. Mwaka 1966, katika miaka ya kudai haki za watu weusi, walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Uliwaingizia fedha taslimu wanawake ambao hawakuwa nazo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini maduka ya mijini yalitaka bidhaa zinazofanana, hivyo kazi ya ushirika ikawa ya vipimo na mitindo iliyopangwa. Mwaka 1972 kampuni ya maduka ya Sears iliwapa kandarasi ya kushona mifuniko ya mito ya kodrai, kile kitambaa kizito chenye mifereji. Mabaki ya kodrai yakaenda majumbani, na huko, jioni, bila mteja, wanawake wakayashona walivyotaka wenyewe: dhahabu kando ya kijani, mistari iliyopinda, mraba ndani ya mraba. Mwaka 2002 jumba la makumbusho ya sanaa la Houston lilifungua maonyesho ya mifarishi ya Gee's Bend, yakaenda hadi makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapisha kwenye stempu. Miongoni mwa iliyotundikwa ukutani ilikuwamo ile ya mabaki ya kodrai. Mifuniko ya mito iliyopimwa sawasawa ilikwenda dukani.

Kwa hiyo waambie wenzako hiki cha kwanza si cha soko. Kama wanataka kushiriki, waje siku ya mapumziko na mabaki yao. Shuka la kitanda ni kazi ya watu wawili watatu waliokaa kwenye mkeka mmoja, kila mtu na upande wake, na maneno ya wodini hutoka kirahisi macho yote yakiwa kwenye kitambaa. Washonaji wa ule utafiti wa Glasgow nao walitaja marafiki waliowapata humo.

Mambo madogo yaliyobaki. Usishone ukiwa unasinzia. Ukiona mishono imeanza kwenda upande, choma sindano kwenye kitambaa na ulale. Usiweke sindano kitandani hata kwa dakika moja, ina kibweta chake. Kaa dirishani, mwanga utoke upande wa mkono usioshika sindano ili kivuli kisiangukie kazi. Tegemeza kiwiko kwenye mto, shingo yako tayari ina mzigo. Usikaze uzi: kila ukimaliza mstari, pitisha kidole gumba juu yake, kitambaa kinyooke. Kitandiko kikiisha, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukamue kwa kukiviringisha ndani ya taulo, usikisokote, ukianike kivulini kikiwa kimelala.

Ukikwama kwenye kona, na wengi hukwama hapo, piga picha pande zote mbili unitumie. Upande wa chini usiusahau, ndio unaoonyesha uzi ulikazwa wapi kupita kiasi.